Orodha Niliyoibandika Mlangoni

Walimu vijana, mtawakuta wazee wa Garissa vibarazani wakisimulia jinsi shule zetu zilivyokuwa zikipangwa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na jinsi watu walivyosukumana kila Januari kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya elimu. Karatasi ile niliiandika mimi. Niliipiga taipu kwa vidole viwili, nikaipaka gundi kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa mkaguzi wa shule za msingi za mji huu kwa sehemu kubwa ya miaka ya tisini. Nilipostaafu nilipewa cheti na saa ya ukutani. Saa haikuwahi kusogea hata dakika moja. Nimeitundika hivyo hivyo.

Kama mnatafuta mzee wa kuwaeleza utamu wa kazi, mtafuteni mwingine. Mimi nina kisa cha shule mbili na mwalimu mmoja, na sijakisema mbele ya watu hadi leo.

Shule zenyewe sitazitaja kwa majina yake, maana bado zipo na watoto waliomo hawana kosa. Moja nitaiita Lango, kwa sababu ndiyo peke yake iliyokuwa na lango la chuma, na mlinzi wa kulifungua. Ilikuwa karibu na nyumba za serikali, na watoto wake walikuwa wa maofisa na wafanyabiashara wakubwa. Nyingine nitaiita Mchanga. Ilikuwa upande wa Iftin, mwisho wa nyumba, mahali ambapo familia zilizomalizwa na ukame zilikuwa zimejenga vibanda vya fito na maturubai. Ukiingia darasa lolote la Mchanga, unatoka na mchanga ndani ya viatu. Zote mbili zilikuwa shule za serikali. Mtaala wao ulikuwa mmoja, na mtihani wa darasa la nane waliufanya siku ile ile, saa ile ile.

Kabla sijawa mkaguzi nilikuwa mwalimu kijana pale Mchanga. Mwalimu mkuu aliitwa Komora, Mpokomo wa Mto Tana, mrefu, mwenye sauti ya chini na Kiswahili kilichonyooka kama uzi. Mimi ni Msomali wa hapa hapa, na herufi p na v zimenitesa maisha yangu yote. Somo langu la kwanza nililimaliza kwa kuwaambia watoto kwa sauti kubwa, "Atakayefanya bidii, atabata!" Komora alikuwa amekaa dawati la nyuma kabisa, magoti yamemfika kidevuni. Wakati wa chai akanijia na kikombe chake.

"Maalim, leo umewaahidi watoto bata. Utawatoa wapi mabata Garissa hii?"

Walimu walicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akanivuta pembeni, na sasa hakuwa anacheka.

"Ubao umeuandika vizuri. Lakini njoo nikuonyeshe kitu."

Akanirudisha darasani, akamwita mtoto wa safu ya nyuma, akampa kitabu. Mtoto akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikajivuna. Komora akafungua ukurasa mwingine kabisa, akamwambia asome. Yule mtoto akasoma maneno yale yale ya kwanza. Alikuwa ameyakariri kwa kuwasikia wenzake.

"Umefundisha safu mbili za mbele," Komora akasema. "Hawa wengine walikuja kuwasindikiza."

Kila nilichojua baadaye kuhusu kukagua shule nilikipata kwa mtu huyu, kwa hiyo nawapa bure. Usianzie ofisini, kwa sababu ofisi hupigwa deki ikijulikana unakuja. Anzia chooni. Kisha nenda kwenye pipa la maji uone kama lina kikombe, na kama kikombe kina mnyororo, uliza nani amekuwa akikiiba. Halafu nenda darasa la kwanza. Darasa la nane litakudanganya, maana limefunzwa kudanganya. Darasa la kwanza halijui bado. Chukua madaftari ya safu ya nyuma. Yakiwa na kalamu nyekundu ya mwalimu, hiyo ni shule. Yakiwa meupe, hiyo ni banda lenye kengele. Na rejista isome kwa majina yaliyokatwa, si kwa majina yaliyopo. Jina lililokatwa lina habari.

Nilipandishwa cheo nikawa mkaguzi, na Komora ndiye aliyeandika barua ya kunipendekeza.

Sasa akaja ofisa mpya wa elimu. Alitoka mkoa mwingine, mtu safi, hodari wa mahesabu, na mimi nilimpenda mara moja kwa sababu nami napenda hesabu. Akasema mji huu unalala. Shule zikilinganishwa hadharani zitaona haya, na zikiona haya zitaamka. "Wewe utapanga wastani wa kila shule," akaniambia, "na karatasi tuibandike mlangoni wazazi waione." Niliona ni jambo la maana sana. Nawaambia kweli, niliona fahari. Nilifika ofisini kabla ya mfagiaji.

Mwaka wa kwanza nilifanya kosa la kuchekesha. Nilipokuwa nikikata stensili nilibadilisha mistari miwili, shule iliyokuwa ya saba ikapanda hadi ya kwanza. Mwalimu mkuu wake hakungoja kuuliza. Alichinja mbuzi wawili siku ile ile, akaalika chifu na kamati nzima. Kesho yake nilipokwenda kuomba radhi na karatasi iliyosahihishwa, nilikuta mifupa tu. Akaniangalia kwa huzuni, akasema, "Haye, Maalim. Wewe sahihisha karatasi. Mbuzi hawasahihishiki."

Tulilicheka jambo hilo mwaka mzima. Sikuona kwamba lilikuwa onyo. Watu walikuwa wameiamini karatasi yangu kuliko walivyoamini macho yao. Mwalimu yule alijua shule yake ilivyo, na bado alichinja.

Mwaka wa pili Lango ilikuwa ya kwanza na Mchanga ya tatu kutoka mwisho. Wazazi wa Mchanga waliokuwa na uwezo wakahamisha watoto wao. Waliohama walikuwa wale wenye kichwa chepesi, kwa sababu Lango ilikuwa inawapa mtihani mdogo wa kuingia. Nami nilimhamisha binti yangu Zeinab, akaingia Lango darasa la nne. Komora alitia sahihi barua ya uhamisho. Alisema tu, "Ana mwandiko mzuri. Asije akaacha."

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, wakati wa kusajili watahiniwa wa darasa la nane, nilikuwa Mchanga nikipitia rejista. Nikakuta majina kumi na manne mapya yaliyoandikwa kwa wino mmoja, siku moja.

"Hawa wametoka wapi?" nikamuuliza Komora.

"Waulize wenyewe."

Nikaingia darasani. Nikasema, aliyekuwa Lango mwaka jana asimame. Wakasimama wote kumi na wanne. Wa karibu nami alikuwa msichana mrefu aliyeitwa Habiba, binti wa Haji Noor, mfanyabiashara wa ngozi. Nikamuuliza kwa nini amehama.

"Sikuhama," akasema. "Maalim wa Lango aliniambia nitaangusha wastani."

Alilitamka neno wastani kama mtu anayetaja jina la ugonjwa aliopimwa nao.

Nilitoka nje nikiwa nimeelewa. Lango haikuwa inafundisha vizuri kuliko shule nyingine. Ilikuwa inachuja. Ilichukua watoto wepesi wa Mchanga, na kabla ya usajili ikawatoa wazito wake ikawasukuma Mchanga, na karatasi yangu ikaipa tuzo kwa kazi hiyo.

"Kwa nini umewapokea?" nikamwambia Komora. "Watakuweka mwisho."

"Najua. Lakini mimi nikifunga mlango, hakuna shule nyingine baada yangu. Baada yangu ni soko la mbuzi."

Niliandika ripoti ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kawaida, madawati, chaki na vyoo. Wa pili uliorodhesha wale watoto kumi na wanne, jina kwa jina, siku waliyokatwa Lango na siku waliyoandikwa Mchanga. Nikampelekea ofisa. Aliisoma yote, taratibu, kisha akavua miwani.

"Mwalimu, binti yako anasoma wapi?"

"Lango, bwana."

"Darasa la ngapi?"

"La tano."

"Kwa hiyo bado miaka mitatu naye awe kwenye orodha. Ungependa awe katika shule ya namba ngapi?"

Akautenga ukurasa wa pili kwa kidole kimoja, akausukuma juu ya meza mpaka ukanigusa tumbo.

"Nadhani ripoti yako ina ukurasa mmoja," akasema. "Wewe umetumwa kulinganisha. Hukutumwa kuuliza."

Niliuchukua ule ukurasa, nikaukunja mara nne, nikautia mfuko wa shati. Hakunitisha. Hakupaza hata sauti. Mke wangu aliufua pamoja na shati, ukatoka uji mtupu, na mimi nikashukuru kimoyomoyo kwamba sasa hauna tena mtu wa kuusoma.

Komora hakuniuliza ripoti ilifika wapi. Alikuwa na kazi. Alikuwa amegundua jambo kuhusu Habiba. Siku moja alimtuma akamletee rejista iliyokuwa juu ya kabati, akamwona anapapasa rafu kwa mkono badala ya kutazama. Akampeleka uani, akamwambia ahesabu mbuzi waliokuwa chini ya mwarobaini ng'ambo ya uwanja. Msichana akasema, "Mbuzi gani, Maalim?"

Mtoto alikuwa haoni mbali. Miaka saba alikaa Lango akinakili ubao asiouona, akikisia nusu ya kila neno, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyemwuliza kama anaona. Walimpima akapungua, wakamtoa. Komora alimkalisha dawati la kwanza, karibu na ubao kiasi cha chaki kumwangukia, na kwa masomo ya hesabu akawa anamwandikia maswali kwenye daftari lake mwenyewe. Nilipopita muhula wa pili alinionyesha daftari hilo kama mtu anayekuonyesha ndama aliyepona.

Mtihani ukafanywa. Matokeo yakaja. Habiba alikuwa wa kwanza Mchanga, wavulana kwa wasichana, na alama zake zilikuwa juu kuliko za zaidi ya nusu ya watoto wa Lango. Nilikuwa na karatasi za alama mezani kwangu, nikaziona kabla ya mtu yeyote mjini. Lakini wenzake wengi walikuwa wamefeli, wale wa Lango kumi na watatu waliobaki pamoja na watoto waliokuwa wakipotea miezi mitatu kila mwaka kufuata ngamia wa baba zao. Nikajumlisha, nikagawanya, Mchanga ikawa ya mwisho kabisa. Karatasi yangu haikuwa na mahali pa kuandika Habiba. Nikaipaka gundi.

Asubuhi ile Haji Noor alikuja na fimbo yake, akapenya umati mpaka nilipokuwa nimesimama. Hakujua kusoma.

"Maalim, shule ya binti yangu iko wabi hapo?"

"Chini, Haji. Ya mwisho."

"Na yeye ni namba ngabi huko?"

"Wa kwanza."

Akacheka bila furaha. "Wa kwanza ya shule ya mwisho. Huyo ni mbuzi mnono ya mwaka ya ukame. Ukimfikisha soko, unaona mifuba tu."

Watu wakacheka. Alama za Habiba zilikuwa nyuma yangu, hatua nne, juu ya meza yangu. Ningemwita ndani nimsomee: binti yako amewashinda watoto wa maofisa, na shule za sekondari za wasichana zitamtaka. Isingechukua muda wa kikombe cha chai. Lakini ofisa alikuwa dirishani akitazama umati wake, na mimi nikasema, "Ndivyo ilivyo, Haji." Akaenda.

Jumatatu yake Komora alikuja ofisini kwangu. Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kuniomba kitu.

"Haji Noor anataka kumwoza Habiba," akasema. "Kuna mtu Bute, mbali kule Wajir, mwenye duka, amemwomba. Nimekwenda mara mbili. Haniamini. Anasema mimi ni mwalimu wa shule ya mwisho, nitasema nini zaidi ya kujitetea. Lakini wewe ni mtu wa orodha. Ukimwambia wewe atakusikia."

"Ni mambo ya nyumba ya mtu, Maalim."

"Ni alama. Nenda ukasome alama, basi. Usimwambie kitu kingine."

Nilijua ofisa ameuliza kwa nini nakwenda Mchanga mara kwa mara. Nilijua nafasi ya mkaguzi mkuu iko wazi. Nikafungua shajara yangu, nikajifanya naitazama. Haikuwa na kitu.

"Alhamisi," nikasema. "Nitakuja Alhamisi tuende pamoja."

"Twende sasa. Ni mwendo wa dakika kumi."

"Alhamisi, wallahi."

Akaitika kwa kichwa.

Alhamisi nilikwenda kweli. Nataka mlijue hilo, ingawa halinisaidii. Nilivaa kofia safi, nikabeba nakala ya alama, nikamkuta Komora amekaa kwenye ngazi ya darasa la nane, peke yake, shule ikiwa imefungwa. Habiba alikuwa ameondoka Jumatano na lori la bidhaa la kwenda Wajir, yeye na shangazi yake, wakielekea Bute. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Barua yake ya kuitwa sekondari ilifika baada ya wiki tatu. Komora aliipeleka kwa Haji Noor, na Haji akampa chai, akaiweka barua chini ya redio.

Mwezi huo huo uliitishwa mkutano wa wazazi Mchanga. Ofisa alitaka isemwe hadharani kwamba shule imeshindwa, na akataka niseme mimi, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Nikasimama juani nikaisoma orodha, shule moja baada ya nyingine, mpaka chini. Wazazi wakaanza kupiga kelele. Mama mmoja akasema, "Maalim huyu amekula miaka ya watoto!" Mwingine akasema apelekwe kwao mtoni. Wengi wao walikuwa watu ambao watoto wao wasingepokelewa na shule nyingine yoyote.

Komora akaomba ruhusa ya kuuliza swali moja. Hakumuuliza ofisa. Aliniuliza mimi.

"Mkaguzi, umesoma walivyotoka. Je, umewahi kupima walivyoingia?"

Ofisa akanitazama. Komora akanitazama. Jibu nilikuwa nalo, jina kwa jina. Nikakunja karatasi, nikakaa.

Barua ya uhamisho ilimfikia Komora baada ya siku tano. Alipelekwa shule moja upande wa Lafey, karibu na mpaka wa Somalia, miaka ile ambayo milio ya bunduki ilisikika hata katikati ya somo. Ilikuwa na madarasa mawili, na mwalimu mwingine hakuwapo. Alipanda lori lililobeba mahindi ya msaada, akakaa juu ya magunia na sanduku lake la bati. Walimu wake walikuja kumuaga. Mimi nilikuwa na kikao.

Mchanga ikapata mwalimu mkuu mpya, kijana mwepesi wa kuelewa dunia. Mwaka wa kwanza akapanda nafasi nne. Wa pili akaingia tano bora, ofisa akampa mkono mbele ya watu, na mimi nikaandika pongezi kwenye orodha kwa herufi kubwa. Nilihesabu madawati ya darasa lake la nane. Yalikuwa kumi na tisa. Wakati wa Komora yalikuwa yanazidi hamsini. Sikuuliza wengine wako wapi. Nilikuwa nawaona kila siku asubuhi nikienda kazini, wakichunga, wakisukuma mikokoteni ya maji, wakisimama sokoni na kamba mkononi. Lango nayo iliendelea kuwa ya kwanza. Zeinab alimaliza pale, akaenda sekondari nzuri, leo ana kazi nzuri Nairobi. Kila akinipigia simu namwombea dua, na kila nikimaliza dua nakumbuka kilichomfikisha huko.

Nafasi ya mkaguzi mkuu sikuipata. Alipewa mtu mwingine. Ninyi chekeni, mimi nimezoea.

Habari za Komora zilinifikia vipande vipande. Zilipokuja zile mvua kubwa za El Niño, barabara zikakatika kote kaskazini, naye akashikwa na malaria huko huko, wiki nyingi bila gari wala dawa. Watoto wa shule ndio waliokuwa wakimletea maziwa. Alipotolewa hatimaye, alikuwa hawezi kusimama darasani nusu saa. Akaacha kazi kabla ya wakati wake, akarudi kwao mtoni. Nilisikia yote haya, nikasema "Allah amponye," nikaendelea na kazi.

Lililonitoa nyumbani kwenda kwake ni jambo lililotokea Bute, miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa nimetumwa kusaidia kuandikisha watoto wapya wa darasa la kwanza. Akaja mama na mtoto wa kike mkononi. Nilimpa fomu aijaze, nikitazamia atanirudishia nimwandikie kama wengine walivyofanya. Aliinua karatasi mpaka ikakaribia kugusa pua yake, akaanza kuijaza mwenyewe kwa mwandiko mdogo ulionyooka, mstari kwa mstari. Alipomaliza akanirudishia, akanikazia macho kwa kuyafinya.

"Wewe ni Maalim wa orodha."

Nikasema ndiyo.

"Maalim Komora yuko wapi siku hizi?"

"Yuko salama," nikasema. "Yuko kwao."

"Msalimie. Mwambie huyu wangu naye nimeshamhesabisha mbuzi. Anaona."

Akamshika mtoto wake mkono, wakaenda. Sikuwa nimemwona Komora tangu siku ya mkutano. Salamu ya mtu ni amana, na ile ilikuwa nzito kifuani kuliko nilivyoweza kukaa nayo. Nilipomaliza kazi Bute nikashuka Garissa, nikalala siku moja, kisha nikashika barabara ya kusini kufuata mto mpaka kijijini kwao.

Nilimkuta amekaa mlangoni akisuka ukili, amekonda, nywele zote nyeupe. Alinijua kwa hatua zangu. Akanikaribisha kwa jina langu, akaniwekea mkeka, akaingia ndani mwenyewe polepole akatoka na wali na samaki wa mtoni. Nikampa salamu za Habiba, pamoja na maneno ya mbuzi. Alicheka kwa sauti kama zamani, akafuta macho, akataka nirudie, nikarudia. Kisha nikaanza kusema niliyokuja kuyasema. Nikamweleza ukurasa wa pili. Nikamweleza shajara iliyokuwa tupu. Nikamweleza kwamba siku ya mkutano nilikuwa na jibu.

"Nilijua," akasema. "Kumi na wanne. Nami nilikuwa nimewaandika."

"Nisamehe, Maalim."

"Nimekusamehe zamani. Pale Lafey mtu ana muda mwingi, nikaona nisiupoteze kwako." Akanisogezea sahani. "Lakini Hawa hajakusamehe, na hii nyumba ni yake. Yeye ndiye aliyenilisha kwa kijiko miezi minne. Kula, halafu uondoke kabla hajarudi kutoka shambani."

Hawa ni mke wake. Nilipokuwa mwalimu kijana asiye na mke, ni yeye aliyenipikia chakula cha mchana mwaka mzima, akanitumia sahani shuleni imefunikwa kwa kitambaa, akaniita mdogo wangu.

Nilikula. Nilimwachia nakala ya alama za Habiba, ile niliyoibeba Alhamisi ile, nikamuaga. Kwenye njia nyembamba ya kutoka kijijini nikamwona mwanamke anakuja na mzigo wa mpunga kichwani. Nikasimama pembeni kumpisha. Alipofika karibu nikasema, "Assalaam aleikum, dada Hawa."

Ninyi mnajua kuitika salamu ile ni wajibu, hata kwa mtu usiyempenda. Hawa alikuwa mcha Mungu kuliko mimi. Alinitazama usoni, akautengeneza mzigo wake, akapita.